Makali ya Bonde la Ufa: Safari ya Nakuru na Mazingatio ya Jiwe na Kisu



Wasomaji wetu watukufu, na khasa akina mama ambao ndio wenye funguo za majiko yetu, wiki hii ukurasa wa safari unawachukua mbali na bahari. Tunakwenda Nakuru, katikati ya Bonde la Ufa, nchi ya maziwa ya magadi na milima iliyowahi kutema moto. Wengi wetu tukiutaja mji huo hukumbuka heroe walio ziwani, na baridi ya alfajiri ambayo mtu wa pwani haisahau. Mimi nataka tuangalie jambo jengine, nalo ni makali. Baina ya Naivasha na Nakuru, habari ya kitu cha kukatia, kuchinjia na kunyolea imeandikwa ardhini, na msomaji hahitaji ila macho na subira.

Habari hii inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Kila mwaka Idi ya kuchinja hutufikia, na kila mwaka huonekana majumbani mwetu visu ambavyo havipati. Mnyama huteseka kwa uzembe wetu, na mpishi hujikata kidole kwa kulazimisha chuma kilicho butu. Basi na twende, tukirudi tujue la kufanya.

Tulisafiri na vijana wa madrasa, wavulana na wasichana, pamoja na mke wangu na mama wengine wawili waliojitolea kuwaangalia watoto. Treni ilitutoa Mombasa hadi Nairobi, kisha tukapanda basi. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kiasi cha kilomita 160. Uzuri wa njia hiyo huanza pale ardhi inapokatika ghafla, mtu akalitazama bonde chini yake kama anayechungulia kutoka darini. Mlima Longonot husimama peke yake na kinywa chake wazi. Mbele yake ni ziwa la Naivasha, na ng'ambo ya ziwa ni mlima Eburru ambao mpaka leo hufuka mvuke.

Milima hii ndiyo asili ya maneno yetu. Moto wa ardhini unapotoka juu na ujiuji wake ukapoa kwa haraka, bila ya kupata nafasi ya kuganda chembe kwa chembe, hugeuka kioo. Wataalamu wa mawe hukiita obsidiani. Ni jiwe jeusi, pengine lenye rangi ya kijani kibichi kwa mbali, linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Ukiligonga huvunjika kama chupa vilevile, na ukingo wa kipande kinachobanduka huwa mwembamba kupita wembe wa chuma. Si maneno ya kutia chumvi: katika zama zetu hizi wako madaktari wa upasuaji waliojaribu visu vya jiwe hili, kwa kuwa ukingo wake ukitazamwa kwa hadubini huonekana umenyooka, ilhali ukingo wa chuma huonekana una meno kama msumeno.

Eburru na pande za Naivasha zina jiwe hilo kwa wingi, na watu wa kale waliijua thamani yake. Wataalamu wakikiona kipande cha obsidiani hukipima viini vyake, kwa sababu kila mlima una mchanganyiko wake, na hivyo huweza kusema kimetoka mlima gani. Kwa njia hiyo vipande vya Bonde la Ufa vimetambuliwa Olorgesailie, kwenye njia ya Magadi, na hata katika pango la Mumba karibu na ziwa Eyasi, Tanzania, mamia ya kilomita kutoka yalipozaliwa. Watu hao hawakuwa na gari wala punda. Walilibeba jiwe kwa mikono, au walilipokezana baina ya jamaa na jamaa, kwa sababu kitu kikali ni riziki. Wazee wetu wamesema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na inaonyesha kuwa maana ya methali hiyo ni kongwe kuliko methali yenyewe.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Kariandusi, kando ya barabara kuu baada ya kuipita Gilgil, upande wa ziwa Elmenteita. Hapo ndipo Louis Leakey, mwana wa wamishonari aliyezaliwa Kabete mwaka 1903, alipogundua mwaka 1928 mashoka ya mkono ya mawe yakiwa yamelala pale pale yalipoachwa. Mashoka hayo hayana mpini. Ni mawe yaliyochongwa pande mbili mpaka yakapata umbo la chozi, pana huku na jembamba kule, yakamkaa mtu kiganjani. Mengi ni ya jiwe la kawaida la volkano, na mengine ni ya ile obsidiani nyeusi. Wenye elimu hiyo wanayakadiria kuwa na umri wa miaka laki saba hadi milioni moja.

Najua hapa baadhi ya wazazi hushtuka, na wako waliopata kuniuliza kama inafaa kuwapeleka watoto mahali penye hesabu kama hizo. Jawabu langu ni fupi. Kitabu chetu chenyewe, katika Suratul Ankabut, kimetuamrisha twende katika ardhi tuangalie jinsi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Hakutuamrisha tufumbe macho. Mtoto anayeliona jiwe pamoja na mwalimu wake, akasikia wanavyosema wapimaji na akafundishwa adabu ya kusema Allahu aalam, ana amani zaidi kuliko yule atakayekuja kuliona peke yake akiwa mkubwa, akadhani alifichwa.

Karibu na mashimo ya wachimbuaji kuna mlima mweupe unaoumiza macho kwa jua la adhuhuri. Weupe ule si chokaa. Ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini viitwavyo dayatomu, ambavyo mmoja wake hauonekani kwa jicho. Kila kimoja hujijengea ganda la silika, yaani kitu kile kile kinachofanya mchanga na kioo. Ziwa la kale lilipokuwa limefunika mahali hapo, viumbe hivyo vilikufa kwa maelfu ya maelfu, vikatuama chini tabaka juu ya tabaka. Ziwa likaondoka, na unga wao ukabaki. Watu wanauchimba hadi leo kwa kuchujia vinywaji na mafuta, na kwa kuchanganyia rangi za nyumba. Alfred Nobel wa Uswidi alitumia unga wa namna hii mwaka 1867 kuituliza baruti yake kali alipobuni dainamiti. Na kwa sababu ganda la silika ni gumu lakini dogo mno, unga huu huingia pia katika dawa za kung'arishia madini. Huo mlima, basi, ni ghala ya msasa laini.

Nimetaja hilo kwa sababu ya jambo ambalo lilinifikirisha sana. Katika nchi ya Japani, mbali kabisa na sisi, iko milima iliyo kaskazini magharibi ya mji wa Kyoto ambayo kwa karne nyingi imetoa vinoo vinavyosifiwa na mafundi wa dunia nzima. Ni mawe ya kumalizia makali, si ya kuanzia. Fundi wa Kijapani huwa na mawe ya daraja tatu: la kwanza lenye chembe kubwa, la kuondoa mapengo, la pili la wastani, na la tatu, waliitalo awasedo, laini kama shavu la mtoto, ambalo kisu cha jikoni au wembe wa kinyozi hupitishwa mwisho. Jiwe la awasedo limetokana na nini? Wataalamu wanasema ni tope la chini ya bahari kuu ya kale, lililojaa maganda ya viumbe vidogo viitwavyo radiolaria, ambavyo navyo hujijengea nyumba ya silika. Tope lile likakandamizwa kwa mamilioni ya miaka hata likawa jiwe.

Tazameni mfano huo. Kule Japani ni viumbe vya baharini, huku Kariandusi ni viumbe vya ziwani. Huko wamekandamizwa wakawa kinoo kinachonoa wembe, hapa hawakukandamizwa sana wakabaki unga. Asili ni moja, nayo ni kiumbe asiyeonekana. Chuma ambacho Mwenyezi Mungu amekisifu kwa nguvu zake nyingi hupewa makali yake ya mwisho na maganda ya viumbe dhaifu kama hao. Basi mtu asimdharau mdogo.

Vinoo vya Kyoto leo ni adimu. Machimbo mengi yamefungwa, na kipande kizuri cha zamani huuzwa kwa bei ambayo hapa kwetu mtu angenunua mbuzi kadhaa. Sababu mojawapo ni uvumbuzi wa Mmarekani Edward Acheson, ambaye mwaka 1891 alitengeneza katika tanuri la umeme kitu kigumu sana alichokiita carborundum. Tangu hapo vinoo vya kiwandani vikaenea kila duka la vyuma, na ndivyo tunavyovinunua sisi. Si vibaya. Lakini fundi wa Japani angali analipenda jiwe la mlimani. Husema jiwe la kiwandani huacha mikwaruzo ya namna moja, ilhali la mlimani likisuguliwa na maji hutoa uji mwembamba ambao chembe zake huendelea kusagika na kuwa laini kadiri unavyonoa, na makali yanayopatikana huwa mapole juu ya ngozi.

Narudi Kariandusi. Tulipokuwa tumesimama mbele ya mashoka yale, msichana mmoja katika wanafunzi wangu, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alininong'oneza swali ambalo lilinifurahisha kuliko safari yote: "Maalim, lau mtu angechinja kwa jiwe kama hili, nyama ingekuwa halali?"

Nikawakusanya watoto chini ya mti nikawaeleza. Imo katika Sahihi Bukhari habari ya kijakazi wa Kaab bin Malik (R.A.), ambaye alikuwa akichunga kondoo katika mlima wa Sal'i, hapo Madina. Akamwona kondoo mmoja yu karibu kufa. Hakuwa na kisu. Akavunja jiwe, akamchinja kwa ukingo wake. Kaab akawazuia watu wake wasile mpaka aulizwe Mtume (S.A.W.), na Mtume akaamrisha aliwe. Humo wanavyuoni wamechukua hukumu mbili kwa pamoja: kwamba jiwe kali linafaa kuchinjia, na kwamba mwanamke akichinja, kichinjo chake ni halali. Imepokewa pia kwa Rafii bin Khadij (R.A.) kwamba kila chenye kutiririsha damu, na jina la Mwenyezi Mungu likatajwa, kinajuzu, isipokuwa jino na ukucha. Basi sharti liko katika makali na katika jina la Mola, wala haliko katika chuma.

Yule msichana akauliza tena: "Kwa hiyo yule kijakazi alijua kuvunja jiwe likatoka kali?" Nikamwambia yakini alijua, kwa sababu si kila jiwe huvunjika likatoa ukingo, na si kila mkono hujua kulipiga. Hiyo ni elimu. Na elimu hiyo ya mikono ya wanawake haijafutika duniani. Kusini mwa Ethiopia, katika watu wa Konso, wanawake ndio watengenezaji ngozi, na wamejulikana mpaka zama zetu kwa kuchonga wenyewe visu vidogo vya mawe vya kuparia ngozi hizo.

Tulipofika Nakuru tuliswali, kisha tukapumzika kwa wenyeji wetu upande wa Bondeni, mtaa ambao Waislamu wa makabila mengi wameishi pamoja kwa muda mrefu. Nakuru ilikua kwa ajili ya reli, iliyofika hapo mwaka 1900, na tarehe 1 Desemba 2021 ilitangazwa kuwa jiji la nne la Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Juu ya jiji iko Menengai, shimo kubwa la volkano lenye upana wa kilomita nane na urefu wa kiasi cha kumi na mbili. Ukisimama ukingoni utaona chini mawe meusi yaliyomwagika kama lami, na mvuke ukipanda huku na huku.

Siku ya pili tulikwenda Hyrax Hill, kilima cha pimbi, kilomita chache kutoka katikati ya jiji. Mary Leakey alichimbua hapo mwaka 1937 na 1938, na jumba dogo la makumbusho likafunguliwa mwaka 1965. Watoto wa pwani walishangilia walipoona mashimo ya bao yamechongwa juu ya mwamba, safu kwa safu, kama lile linalochezwa barazani kwetu. Mimi kilichonivuta ni vitu vya majumbani: vipande vya obsidiani vilivyokuwa visu, na sahani na bakuli za mawe zilizozikwa pamoja na wanawake. Waliowazika waliona kwamba mwanamke wa nyumba asitenganishwe na chombo chake cha kazi.

Kisa kama hicho kiko pia katika pango la mto Njoro, magharibi ya jiji, ambalo Mary na Louis Leakey walilichimbua mwaka 1938. Humo wafu walichomwa badala ya kuzikwa, kiasi cha miaka elfu tatu iliyopita. Hiyo si mila yetu, lakini vitu vilivyobaki vinasema nasi. Waliwekewa bakuli za mawe na mawe ya kusagia, shanga nyingi za mawe ya rangi, na visu virefu vya obsidiani. Walikuwa wafugaji. Walichinja, walichuna, walinyoa, walisaga. Haja zao za jikoni zilikuwa ndizo hizi zetu.

Lakini iko tofauti moja baina ya kisu chao na chetu, nami nawaomba muiangalie. Kisu cha obsidiani hakinoleki. Ukingo wake ukivunjika hauwezi kuusugua ukarudi kama ulivyokuwa; yapasa ubandue kipande kipya na cha zamani ukitupe. Ndiyo maana maeneo yale yamejaa vigae vyeusi. Chuma sicho hivyo. Chuma kikifa makali hufufuliwa kwa jiwe na maji, mara mia na zaidi, na kisu kimoja kizuri huweza kumtumikia mama, kisha bintiye. Sasa sisi tuliopewa neema ya chuma tumerudi kwenye desturi ya vigae: tunanunua kisu chepesi cha bei rahisi, kinakufa baada ya mwezi, tunakitupa, tunanunua chengine. Kinoo alichokuwa nacho bibi chini ya mtungi kimepotea, na pamoja nacho imepotea elimu.

Katika soko la Nakuru niliongea na mchinjaji mmoja mzee. Alikuwa na visu vitatu na kinoo kilichobonyea katikati kama kitanda cha kamba. Aliniambia, "Sheikh, siku ya Idi naitwa nyumba kumi. Katika nyumba kumi, tisa wananiletea kisu ambacho hata nyanya hakikati. Mimi natembea na vyangu. Lakini je, nyumba zile ambazo hawakuniita?" Swali lake hilo nalileta kwenu kama lilivyo.

Kwani mafundisho yetu katika jambo hili hayana mwanya. Imo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Shaddad bin Aws (R.A.), kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya macho ya mnyama aliyekwisha kulazwa, akamuuliza kama anataka kumuua mara mbili. Na iko habari ambayo ningependa kila binti yetu aijue. Siku moja aliletwa kondoo dume mwenye pembe kwa ajili ya kuchinjwa, Mtume (S.A.W.) akamwambia Bi Aisha (R.A.) alete kisu, kisha akamwambia akinoe kwa jiwe. Bi Aisha akakinoa, na kwa kisu hicho Mtume akachinja. Kunoa, basi, si kazi ya kumngojea mwanamume. Mama wa Waumini alishika kisu na jiwe kwa mikono yake, na mnyama akapata raha kwa sababu ya ustadi wake.

Tuseme sasa namna ya kunoa, kwa maana maneno bila ya vitendo hayakati.

Nunua kinoo cha pande mbili, upande mmoja wa chembe kubwa na mwengine wa chembe ndogo. Kitie katika maji kiasi cha dakika kumi mpaka kiache kutoa mapovu, ikiwa ni cha aina ya kunywa maji. Kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze, na watoto wadogo wawe mbali. Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake kiasi cha unene wa kidole cha mwisho. Hapo umepata pembe inayofaa kisu cha jikoni, na siri yote ni kutoibadilisha pembe hiyo. Sukuma na vuta polepole, kuanzia shinani hadi nchani, bila ya kukandamiza kwa nguvu. Endelea mpaka ukipapasa upande wa pili kwa uangalifu, kutoka mgongoni kuelekea nje wala si kwa kufuata makali, uhisi ukwaru mdogo wa chuma kilichokunjika. Ukwaru huo ndio ushahidi kwamba umefika ukingoni. Geuza kisu, ufanye vivyo hivyo. Kisha hamia upande wa chembe ndogo, na kila ukiendelea upunguze uzito wa mkono. Mwisho pitisha kisu mara chache juu ya ngozi ya mkanda wa zamani, kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia.

Usijaribu makali kwa kidole. Kata karatasi iliyoning'inia, au nyanya iliyoiva. Kisu kinachopata hukata nyanya kwa uzito wake. Na jiwe likianza kubonyea, lisugue juu ya saruji tambarare yenye maji mpaka lirudi sawa, kwa maana jiwe lililopinda hufundisha kisu kupinda. Kazi hii ifanywe usiku wa kuamkia Idi, au kabla yake, si asubuhi mbele ya mnyama.

Kuhusu wembe nina neno jengine, nalo ni la tahadhari. Zamani vinyozi wetu walikuwa na wembe wa kukunja, wakiunoa kwa jiwe laini na kuupiga juu ya ukanda wa ngozi, na ndio ustadi ambao mawe ya Kyoto yalitukuka kwao. Mwenye wembe wake mwenyewe, asioazima wala kuazimwa, haidhuru akiutunza hivyo. Lakini anapokuja mtoto mchanga kunyolewa siku ya saba, au wanaume wengi wananyolewa pamoja, tusimpitishie mtu wembe uliokwisha kugusa kichwa cha mwengine. Kinoo huleta makali lakini hakiondoi maradhi, na maradhi ya damu, kama homa ya ini na Ukimwi, hupita katika mkato usioonekana. Hapo wembe mpya kwa kila kichwa ndio uadilifu, na ndio kuhifadhi nafsi ambako sheria imekuja nako.

Mwenye nia ya kuwapeleka watoto wake Kariandusi au Hyrax Hill, na afanye hivyo, maana safari ni darasa. Awafunze jambo moja kabla ya kushuka garini: vipande vyeusi vinavyong'aa chini, hata kama ni vingi, visitiwe mfukoni. Sheria ya nchi inavilinda, na zaidi ya sheria, hiyo ni amana. Kila anayeondoka na kigae kimoja anaondoka na herufi moja ya kitabu ambacho wajao nyuma nao wana haki ya kukisoma. Mtoto akitaka ukumbusho, mnunulieni kinoo. Wazee wamesema kinolewacho hupata, na mtoto aliyefundishwa kunoa kwa subira atakuwa amejifunza na subira yenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie Idi zetu kuwa za rehema kwa watu na kwa wanyama, aihifadhi mikono ya mama zetu na binti zetu majikoni, na azinoe akili za watoto wetu kwa elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.